Baridi ya Kulipia Mara Mbili

Mwezi wa saba ukiingia, Maskati salamu hubadilika. Watu hawaulizani hali tena, wanaulizana mnasafiri lini na mnakwenda wapi. Ukijibu kwamba mwaka huu hamwendi popote, mwenzio anakutazama kwa huruma, anashusha sauti, anakuuliza kama kazini mambo ni salama. Joto lenyewe si la kubishana nalo. Kipimo kinapita nyuzi 40, unyevu wa bahari unakubandika kanzu mgongoni kabla hujalifikia gari, na ukilifikia, usukani haushikiki bila kitambaa. Lakini tuseme kweli: viyoyozi tunavyo kila chumba, na wazee wetu walikaa na joto hilo hilo kwa upepo wa dirishani tu. Kinachotutoa majumbani si joto. Ni kundi la ukoo la WhatsApp, ambamo kila asubuhi mtu ameweka picha akiwa amevaa sweta.

Wenye akili zao huenda Salala. Kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba pepo za kusi huleta kule manyunyu ya kharifu, milima ya Dhofar inageuka kijani, na nusu ya Ghuba inamiminika kwa magari kwenda kusimama kwenye ukungu. Mimi ni mtu wa Salala. Ni nchini kwetu, haina viza, na chakula chake hakihitaji mkalimani. Mke wangu akasema Salala tumeshaipiga picha yote imekwisha. Binti yetu akaunga mkono. Kura zikapigwa kwa utaratibu wa nyumba yetu, yaani mimi nikaarifiwa matokeo, nayo yalikuwa Zell am See.

Kwa wasioujua, Zell am See ni mji mdogo wa jimbo la Salzburg, Austria, wenye watu kama elfu kumi, ziwa mbele na milima kila upande. Ni mji wa watu wa kuteleza kwenye theluji. Mahoteli, magari ya kebo, maduka ya glavu na miwani, vyote vipo kwa ajili ya msimu wa baridi. Ila biashara haikubali kulala miezi mingine yote, na Waaustria si wajinga. Waligundua kwamba duniani kuna watu ambao hata theluji hawaihitaji. Wanachotaka ni kuacha kutoka jasho tu. Ndiyo maana Julai na Agosti mikahawa ya pale inatoa menyu za Kiarabu, nyama ya halali inatangazwa kwa herufi kubwa, na kando ya ziwa Kijerumani unakisikia kwa kubahatisha.

Nimerudi kutoka huko na nimejifunza kanuni moja, ambayo sikuiona kwenye kijitabu chochote cha watalii: mlimani kila kitu hulipiwa mara mbili. Mara ya kwanza unalipa kukipata, mara ya pili unalipa kukikimbia.

Malipo huanza hata hujatoka nyumbani. Viza ya Schengen inataka taarifa za benki, bima ya safari, barua ya mwajiri, picha ya kipimo maalumu na alama za vidole. Mama mkwe, ambaye ana zaidi ya miaka sabini na ambaye safari bila yeye haikujadiliwa hata kwa utani, alikiangalia kile kioo cha kuwekea vidole, akamwangalia yule kijana wa dirishani, kisha akanigeukia mimi. "Wananitakia vidole vya nini? Mie nakwenda kuuangalia mlima, siendi kuuchukua."

Mama alizaliwa Unguja, upande wa Kaskazini, akahamia Maskati miaka ya sabini akiwa na watoto wadogo. Tangu hapo hajawahi kupanda ndege bila jiko lake. Katika sanduku lake mlikuwa na mchele, bizari, ndimu kavu, pilipili ya unga, kahawa, halwa, mbuzi ya kukunia nazi (sikuuliza) na kopo la samli. Kwenye samli tukakwama. Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kutoka nje kuingia na nyama wala vitu vya maziwa, nami sikutaka kuonekana kwenye forodha ya Munich nikifunguliwa sanduku mbele ya watoto.

"Samli si maziwa," Mama akasema.

"Imetoka kwenye maziwa, Mama."

"Na wewe umetoka kwa mamako. Ndiyo wewe mamako?"

Kwa hoja hiyo sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Samli ilibaki Maskati kwa amri ya binti yake, lakini lawama zilisafiri nasi. Kila nilichokitia mdomoni Austria nilikumbushwa kwamba kimekosa samli, na kwa nini.

Tukatua Munich baada ya karibu saa saba angani, tukakodi gari, tukashika njia ya kusini. Ujerumani barabara zake kuu magari madogo hupita bure. Ukikaribia mpaka wa Austria unatakiwa uwe umeshanunua kibali cha barabara kuu, na usipokuwa nacho faini yake itakufanya uone Salala ilikuwa bure. Nikalipa. Tulipovuka tu, mvua ikaanza.

Hapo ndipo familia yangu iliponiaibisha. Mke wangu akataka nisimamishe gari. Watoto wakateremka na viatu vyao vipya, wakanyoosha mikono, wakainua nyuso na kufungua midomo. Hatukuwa peke yetu. Kwenye maegesho yale yale palikuwa na familia nyingine ya Ghuba, baba na kofia yake ya michezo imeloa chapachapa, wamekaa juu ya benchi lililojaa maji, wananywa kahawa kutoka kwenye chupa. Mwavuli wanao, wameuweka chini. Wale siwalaumu. Mtu aliyekulia mahali ambapo mvua huja siku chache kwa mwaka, na ikija hufunga barabara, ana haki ya kuloa kwa raha zake. Lakini mke wangu ni mtoto wa Mama mkwe, na Mama mkwe hakuteremka. Aliteremsha kioo kidogo, akatoa ncha ya kidole, akakirudisha ndani.

"Manyunyu haya? Unguja mvua ya namna hii tulikuwa tukianikia nguo."

Akafunga kioo. Masika ya kwao humwagika juu ya bati mpaka watu wa nyumba moja wanapigiana kelele ili wasikizane, na hakuna aliyewahi kulipia tiketi ya ndege kuyaona. Haya ya Salzburg tuliyalipia mara ya kwanza kwa nauli. Mara ya pili tuliyalipia jioni ile ile mjini, kwa makoti ya mvua ya watu wote pamoja na mabuti ya kitinda mimba, ambaye hakuyavaa tena kwa sababu yalikuwa na chura upande mmoja tu.

Kesho yake tukatoka kwenda ziwani kutafuta utulivu. Utulivu ulikuwepo, ila mahali pa kuegesha gari hapakuwepo isipokuwa pamoja. Nilipokuwa najipanga kuingia, gari jingine likapenya. Akashuka jirani yangu wa Maskati, yule yule anayeegesha mbele ya geti langu mwaka mzima. Akanikumbatia kwa furaha isiyo na mfano. "Na nyinyi mpo huku! Dunia ndogo!" Dunia si ndogo, bwana. Dunia ni kubwa sana, ila sote tunasoma kundi lile lile la WhatsApp.

Sasa niseme kuhusu nyumba. Nyumba za kule hazina viyoyozi. Zimejengwa kwa adui mmoja tu, naye ni baridi. Kuta nene, madirisha ya vioo viwili, kila chumba na kipasha joto chake. Kwa hiyo siku jua lilipoamua kuwaka, na kule Julai linawaka kweli, nikajikuta natoka jasho katikati ya milima ya Alpi, mbele ya feni ya mezani niliyoinunua dukani kwa bei ambayo Maskati ningepata kiyoyozi kilichotumika. Usiku joto likatoweka ghafla. Saa nane mke wangu akaamka akawasha kipasha joto. Mwezi wa saba! Feni upande huu, kipasha joto upande ule, na mimi katikati nikiwa nimefunikwa nusu, maana mafarishi ya kule ni ya mtu mmoja mmoja na langu liliishia kwenye vifundo vya miguu.

Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja mpole sana, na upole wake ndio uliotutia hofu. Alitupitisha kwenye mapipa ya taka kwa heshima zote: karatasi hapa, chupa nyeupe hapa, chupa za rangi pale, plastiki na makopo kule, mabaki ya chakula kwenye pipa la kahawia, na kisichokuwa na kabila kinaenda pipa la mwisho. Baada ya chakula cha mchana Mama alisimama mbele ya mapipa yale na kokwa la embe mkononi kwa muda mrefu. Embe ni mabaki ya chakula, hilo sawa. Lakini lilikuwa limefungwa ndani ya karatasi, karatasi ina mafuta, na juu ya karatasi pamebandikwa kile kijistika cha duka, ambacho ni plastiki. Akavua miwani, akavaa, akalichambua kokwa lile kipande kwa kipande, kila kipande kwenye pipa lake. Kisha akarudi ndani akasema nchi hii taka zake zina nidhamu kuliko watoto wangu.

Kuna pia suala la usiku. Saa nne za usiku kelele marufuku, na hilo ni jambo jema kwa watu ambao usiku wao unaanza saa moja. Kule Julai jua linazama saa tatu na dakika kumi. Isha inaingia yapata saa tano na kitu, Alfajiri saa tisa na kitu. Usiku wenyewe ni kipande tu, na ndani ya kipande hicho unatakiwa ule, usali, ulale na ubishane na watoto wanaosema hawawezi kulala kwa sababu nje bado kuna mwanga. Mama aliona hakuna maana ya kulala kabisa. Akisali Isha, atavuta uradi mpaka Alfajiri, akimaliza Alfajiri anaingia jikoni kuosha masufuria. Sufuria la alumini saa kumi alfajiri kwenye bonde lenye mwangwi lina sauti yake. Mwenye nyumba alikuja mlangoni akiwa anatabasamu, akauliza kama kuna mtu anaumwa.

Mwaka 2014 wakuu wa utalii wa Zell am See na mji wa jirani wa Kaprun walitoa kijitabu cha adabu kwa wageni kutoka nchi za Kiarabu. Kilikuwa na mambo ya mavazi, ya kutopigania bei madukani, na ya kutokula sakafuni vyumbani. Kilizua kelele hata kwenye magazeti ya nje. Binti yangu alisoma habari zake kwenye simu wakati sisi tunaangalia meza ya jikoni, meza ya watu wanne, na sisi ni zaidi ya hapo. "Na waliokiandika," Mama akauliza, "meza wamepima?" Tukatandika sufra chini, tukala wali wetu usio na samli, tukakunja, tukafagia. Hakuna mlima ulioanguka.

Siku kubwa ilikuwa ya Kitzsteinhorn. Huu ni mlima ulio juu ya Kaprun, wenye barafuto, na mwaka 1965 ndio ulikuwa wa kwanza Austria kufunguliwa watu watelezee juu ya barafuto. Zamani mtu aliweza kuteleza pale mwaka mzima. Sasa barafu imepungua, kiangazi hakuna wa kuteleza, ila kimeachwa kiwanja cha theluji ambapo watoto wa Riyadh, Kuwait na Maskati wanarushiana mabonge na kuteremka juu ya sahani za plastiki. Kutoka kijijini Kaprun unapandishwa kwa magari ya kebo ya kupokezana, kilomita 12 hivi za kuning'inia, mpaka jukwaa lililoko mita 3,029 juu ya usawa wa bahari.

Tulipanda kwa kaptura na kanzu nyepesi, maana bondeni jua lilikuwa kali. Juu palikuwa na nyuzi mbili. Hapo kwenye duka la juu, lililowekwa kwa akili mahali ambapo meno yako yanaanza kugongana, nikanunua glavu, kofia za sufu na soksi. Mama alikuwa amevaa ndara. Alivalishwa soksi mbili mbili, ndara juu yake, buibui, koti la mke wangu juu ya buibui na mtandio juu ya vyote, akakaa juu ya kiti akiangalia wajukuu zake wanavyobingirika.

"Theluji hii si ipo Kilimanjaro?" akauliza.

"Ipo, Mama."

"Basi kwa nini hatukwenda Moshi?"

"Kilimanjaro unapanda kwa miguu, siku tano sita."

Akatikisa kichwa kana kwamba miguu ni udhuru dhaifu. Mwaka 2019 serikali ya Tanzania ilisema inafikiria kuweka gari la kebo Kilimanjaro, na wapagazi na waongoza watalii wakapinga kwa sababu kibarua chao kingeota majani. Wana hoja. Kijana wangu mkubwa, anayependa kuniharibia starehe kwa takwimu, akaangalia simu akanijulisha kwamba kambi ya Horombo, wanapolala wapanda Kilimanjaro kabla hata hawajafika mahali pa kujisifia, iko mita 3,720. Yaani pale nilipokuwa natweta, nimeshika nguzo kwa mikono miwili na kupigwa picha ya ushujaa, nilikuwa bado chini ya kitanda cha mpagazi kwa karibu mita 700.

Tukaingia mkahawani tupate chai. Mama akainusa, akaonja, akairudisha. "Haijachemka." Nikamweleza kwamba mwinuko ule hewa ni nyepesi, maji huchemka yakifika nyuzi 90 hivi, hayawezi kupata moto zaidi hata uyabembeleze. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo tumelipa kuja mahali ambapo maji yameshindwa kuchemka." Kwa ufupi, ndiyo.

Tukiwa dirishani, binti yangu akaeleza jambo alilolisoma: kwenye barafuto kadhaa za Alpi, kiangazi kikianza wafanyakazi hutandika vitambaa vyeupe vizito juu ya theluji na barafu ili zisiyeyuke, halafu msimu ukikaribia huvikunja. Hutandika eneo kubwa, hekari kwa hekari. Mama alikuwa ameshika kikombe cha chai yake ya nyuzi 90 kwa mikono yote miwili, pua imekuwa nyekundu. "Barafu imefunikwa blanketi," akasema, "mie natetemeka."

Nisingependa kuzungumza sana juu ya barabara ya Grossglockner. Ni kilomita 48, kona kali 36 zenye namba, ilifunguliwa 1935, na unalipa kuingia. Watoto walikuwa wakizihesabu kona kwa sauti mpaka kitinda mimba alipoacha kuhesabu na kufanya jambo jingine, ndani ya mfuko ambao kwa bahati ulikuwa umeshatolewa halwa. Juu tulikuta ukungu. Mlima Grossglockner, mita 3,798, mrefu kuliko yote Austria, upo. Risiti yake ninayo.

Kisha Schmittenhöhe, mlima unaoutazama mji wenyewe. Gari lake la kebo limekuwa likipandisha watu tangu 1927, na kileleni ni mita 1,965. Tulipanda vizuri, tukapunga upepo, tukaona ziwa chini limekaa kimya. Nilikuwa karibu kufurahi. Hapo mke wangu akatoa wazo. "Tushuke kwa miguu, tupunguze miili." Tiketi tulikata za kwenda na kurudi. Kipande cha kurudi nilikuwa nacho mfukoni, kimelipwa, kinanichoma.

Njia inapita kwenye zile njia pana za kutelezea, ambazo kiangazi ni majani matupu, zimekatwa msituni moja kwa moja kutoka juu mpaka chini. Mtelezaji mzuri anazimaliza kwa dakika chache. Pembeni mizinga ya kutengenezea theluji imesimama bila kazi. Msimu wa baridi, theluji ya mbinguni ikichelewa, mizinga hiyo inapigiwa maji kutoka kwenye mabwawa ya mlimani, yanarushwa kwenye hewa ya baridi yakiwa chembechembe na kuanguka yakiwa theluji. Tulipita bwawa moja la namna hiyo. Familia za watu zilikuwa zimetandika mikeka zikilipiga picha, bwawa la kuchimbwa kwa tingatinga, na katika nchi iliyojaa maziwa ya Mungu.

Si mbali na kituo cha juu, Mama akiwa bado nasi kunyoosha miguu kidogo kabla ya kurudi zake kwa kebo, tukakutana na ng'ombe. Wanalishwa huko juu kiangazi chote, shingoni kengele kubwa kama birika. Mmoja alijilaza katikati ya njia. Binti yangu akasoma kibao: kaa mbali, usiwaguse ndama, usiwatishe. Mwaka 2019 serikali ya Austria ilitoa rasmi kanuni za mwenendo kwa watu wanaopita malishoni, baada ya kesi iliyotikisa wenye mifugo. Sisi sote tukasimama tukitafakari kanuni. Mama akatupita, akasimama mahali ng'ombe anapoweza kumuona, akapiga kofi moja. "Hebu pisha, mama, watu wana safari." Ng'ombe akanyanyuka, makalio kwanza, akasogea pembeni, kengele ikamsindikiza. Mama akageuka akarudi kwenye kebo na kitinda mimba, akatuacha na kibao chetu.

Ninachotaka wenzangu wajue ni kwamba kupanda mlima kunachosha moyo, lakini kushuka kunavunja magoti. Kila hatua vidole vinagonga ncha ya kiatu. Viatu nilivinunua mjini, muuzaji akaniapia kwamba ni vya mlima. Labda alikusudia kupanda tu. Tukafika kituo cha katikati tukitegemea kumalizia kwa kebo, tukakuta kimefungwa, maana saa kumi na moja jioni wenyewe wanafunga na kwenda kwao. Tukaendelea. Nilipofika chini nilikuwa natembea kinyumenyume kwenye miteremko, njia pekee ambayo magoti yangu yalikubali. Mama alikuwa amekaa kituoni na kahawa yake, amestarehe, na kwa kitambo kirefu alinitazama ninavyorudi nyuma kumwelekea. Hakusema neno. Nilimuona tu bega linacheka. Kesho yake nikanunua dawa ya kuchua.

Niseme kesho yake ya pili, maana kesho yake ilikuwa Jumapili. Jumapili Austria maduka mengi hayafunguliwi, na Jumamosi jioni saa kumi na mbili yameshafungwa. Mkate hakuna, maziwa hakuna, dawa ya kuchua labda umbembeleze mfamasia wa zamu. Kituo cha mafuta kilikuwa wazi, na soseji zake zote zilikuwa za nguruwe. Tukashindia wali mkavu na halwa, huku Mama akitukumbusha kwa sauti ya upole kabisa kitu kimoja kilichobaki Maskati ndani ya kopo.

Usiku wa mwisho tulipokuwa tunafunga masanduku, nilitegemea Mama atoe hukumu ya safari nzima, na kusema kweli nilikuwa naingojea kwa hamu. Yeye peke yake angeweza kusema nilichokuwa nakisema moyoni na asijibiwe. Kwa siku zote zile alikuwa akivitazama vile viti vya waya vinavyoning'inia juu ya majani bila mtu, maduka yenye makoti mazito yameandikwa punguzo, mizinga ya theluji iliyofunikwa turubai. Akamwita binti yangu amtafsirie kwa mwenye nyumba. Akauliza viti vile hukaliwa lini. Mwenye nyumba akafurahi, akatoa simu yake, akamwonyesha picha za Februari: mlima mzima mweupe, watu wazima wenye kofia ngumu wanateleza, wanagongana, wanaanguka miguu juu. Mama akaangalia picha moja baada ya nyingine. Akacheka mpaka akakaa.

"Kumbe mmenileta duka limefungwa," akatuambia. "Nileteni likiwa wazi. Mie nataka kuona watu wazima wanavyoanguka."

Mke wangu akanigeukia mimi. Watoto wakanigeukia mimi. Nikatoa simu, nikaangalia nyumba ile ile, yenye meza ile ile ya watu wanne na mafarishi yale yale ya kuishia kwenye vifundo, wiki ya pili ya Februari. Bei ilikuwa mara mbili kamili. Nikaweka amana. Angalau msimu wa baridi wana ustaarabu: mara mbili yao wanaiandika kwenye risiti moja.